Wahandisi, Joto la Doha na Wanaofanya Kazi Juani

Mazungumzo haya yanahusu wahandisi na wajibu wao kwa jamii, na yanaelekea Doha, mji mkuu wa Qatar, ambako wana wa Afrika Mashariki kwa maelfu wamekwenda kutafuta riziki.

Hebu tuanze na zege. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, zege jingi mjini Doha humwagwa usiku. Kabla ya lori kutoka kiwandani, maji ya kuchanganyia hupozwa, na mara nyingi sehemu ya maji hayo hutiwa ikiwa barafu iliyopondwa. Kokoto hutiwa kivulini zisipigwe na jua. Lori linapofika mahali pa ujenzi, mtu husimama na kipimajoto mkononi, akakichomeka ndani ya zege bichi na kuandika namba katika karatasi. Namba ikizidi kikomo kilichowekwa na masharti ya ujenzi, ambacho katika nchi za Ghuba mara nyingi ni nyuzi 32 au 35 za Selsiasi, lori hurudishwa lilikotoka. Zege likishamwagwa hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na kwa siku kadhaa hunyweshwa maji kama mgonjwa wa homa.

Sababu yake inafahamika. Zege halikauki kama nguo iliyoanikwa. Saruji hushikamana na maji kwa mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko huo wenyewe hutoa joto. Joto la nje likizidi, zege huganda upesi mno, hupata nyufa, na nguvu yake ya miaka ijayo hupungua. Mhandisi anayetia sahihi chini ya karatasi ile anajua kwamba jengo likipasuka ataulizwa yeye.

Adabu hii kwa zege ni ya miongo mingi. La kustaajabisha ni kwamba, kwa muda mrefu, sheria haikumtaka mtu yeyote katika eneo lilelile la ujenzi ashike kipimajoto kwa ajili ya yule aliyeshika koleo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwalaumu wahandisi bila ya kutaja kwanza waliyoitendea Doha. Qatar haina mto hata mmoja. Mvua yake ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 80 tu, mvua ambayo wakati wa masika Zanzibar huweza kuipata kwa siku moja au mbili. Katikati ya mji upo mtaa unaoitwa Msheireb, na jina hilo latokana na neno la Kiarabu la kunywa, mzizi uleule uliowapa Waswahili neno sharubati. Hapo palikuwa na kisima. Leo karibu maji yote ya kunywa nchini humo hutoka baharini baada ya kuondolewa chumvi katika mitambo mikubwa. Wakati majirani wa Qatar walipoifungia mipaka mwezi Juni mwaka 2017, ilielezwa kwamba akiba ya maji ya nchi ilikuwa ya takriban siku mbili. Mwezi Desemba mwaka 2018 yakazinduliwa mahodhi makubwa ya zege katika vituo vitano, yaliyokusudiwa kuhifadhi maji ya siku saba. Mama anayefungua bomba jikoni Doha hawajui wahandisi hao kwa majina, na wala hana haja ya kuwajua.

Katika mtaa huohuo wa Msheireb ipo nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015. Nyumba hiyo inasimulia historia ya utumwa katika Bahari ya Hindi, wakiwemo Waafrika waliochukuliwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki na kufanyishwa kazi ya kuzamia lulu, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku nchini Qatar mwaka 1952. Kibarua wa leo si mtumwa wa jana, na kulinganisha mambo hayo mawili kwa pupa hakumsaidii mtu. Lakini msikilizaji wa Kiswahili anayepita mlangoni pale ana sababu ya kuuliza: mradi ukisemwa kuwa umejengwa kwa manufaa ya jamii, ni nani anayehesabiwa kuwa ni jamii?

Swali hilo ni la zamani katika taaluma ya uhandisi. Kanuni za maadili za vyama vya wahandisi karibu duniani kote huweka mbele usalama, afya na ustawi wa umma. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwaapisha wahandisi wataalamu hadharani. Nchini Kanada, tangu mwaka 1925, wahandisi wanaohitimu huvishwa pete katika kidole kidogo cha mkono unaotumika kuandika na kuchora, ili iguse karatasi kila wanapofanya kazi. Desturi hiyo hutajwa mara nyingi pamoja na maafa ya daraja la Quebec, lililoporomoka tarehe 29 Agosti mwaka 1907 likiwa bado linajengwa. Watu 75 walikufa siku hiyo. Wote walikuwa wafanyakazi wa daraja, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja cha Kahnawake. Hapakuwa na treni ya abiria juu ya daraja lile. Umma ulioangamia ulikuwa ni wale waliokuwa wakilijenga.

Sasa turejee Doha, na tutazame jinsi joto linavyomuua mtu.

Kila aliyelelewa pwani anaujua mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu udongo hupenyeza unyevu kidogo kidogo hadi nje, na unyevu huo unapogeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mwili wa binadamu ni mtungi wa namna hiyo. Jasho likitoka na kukauka, damu hupoa. Lakini hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila ya kukauka, na mtungi huacha kupoza. Mtu anayebeba mizigo katika hali hiyo hutengeneza joto ndani ya misuli kwa kasi kuliko anavyoweza kulitoa. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, huanza kupanda. Likipita nyuzi 40, akili huvurugika, na moyo, figo na ubongo huwa hatarini. Doha imepakana na bahari ya kina kifupi yenye maji ya moto, na mwezi Agosti hewa yake huwa nzito hata baada ya jua kutua.

Kwa hiyo kipimajoto cha ukutani hakitoshi. Katika miaka ya 1950, baada ya vijana wa jeshi la wanamaji la Marekani kuanguka na kufa mazoezini katika kambi ya Parris Island, watafiti walibuni kipimo cha vitu vitatu kwa pamoja. Kipimajoto cha kwanza hufungwa utambi wa kitambaa chenye maji, nacho huonyesha kama jasho linaweza kukauka. Cha pili huwekwa ndani ya tufe jeusi la shaba, nacho huonyesha makali ya jua na ya vyombo vyenye moto. Cha tatu hupima hewa ya kivulini. Kisha huchukuliwa sehemu saba za kumi za kipimo cha kwanza, mbili za kumi za cha pili na moja ya kumi ya cha tatu, zikajumlishwa.

Chukueni kalamu mara moja. Adhuhuri kavu ya Doha hewa ni nyuzi 42, utambi wa maji unaonyesha 22 na tufe jeusi linaonyesha 52. Jumla ni nyuzi 30. Sasa chukueni jioni ya Agosti, jua limekwishazama, hewa ni nyuzi 35 tu na tufe vilevile 35, lakini utambi unaonyesha 32 kwa sababu ya unyevunyevu. Jumla ni karibu nyuzi 33. Jioni ile inayoonekana ya ahueni ni ya hatari kuliko adhuhuri ile ya kutisha. Nyapara anayetazama saa yake hawezi kulijua hilo.

Na kwa miaka mingi saa ndiyo iliyokuwa sheria. Uamuzi wa waziri wa mwaka 2007 ulikataza kazi za nje kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na tarehe 31 Agosti. Ilikuwa bora kuliko kukosa kabisa. Lakini ni katika kipindi cha sheria hiyo ambapo jarida la tiba ya moyo la Cardiology, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, lilichunguza vifo 571 vya wafanyakazi wa Nepal nchini Qatar vilivyoandikwa kuwa vya maradhi ya moyo kati ya mwaka 2009 na 2017. Watafiti walikadiria kwamba hadi vifo 200 kati ya hivyo vingeweza kuzuiwa kama kungekuwa na kinga ya kweli dhidi ya joto. Mwezi Februari mwaka 2021 gazeti la Guardian la Uingereza likatangaza hesabu ya vifo zaidi ya 6,500 vya wahamiaji wa nchi tano za Asia ya Kusini katika muda wa miaka kumi. Serikali ya Qatar ilijibu kwamba idadi hiyo yalingana na ukubwa wa jumuiya hizo na kwamba si wote walikuwa wajenzi. Mabishano hayo hayakwisha. La kuzingatia kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki ni kwamba hesabu ile haikuwajumuisha Wakenya.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya vipimo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Thessaly cha Ugiriki, wakishirikiana na Shirika la Kazi Duniani na serikali ya Qatar, waliwafuata wafanyakazi kazini wakiwapima joto la mwili wakati wa kiangazi. Uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021 ulifuatia. Saa za kukatazwa kazi za nje zikarefushwa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi tarehe 15 Septemba. Zaidi ya hapo, kazi yoyote ya nje husimama kila kipimo kile cha vitu vitatu kinapozidi nyuzi 32.1, iwe mchana au usiku. Mfanyakazi naye akapewa haki ya kuacha kazi na kulalamika akiwa na sababu ya kuamini kwamba joto linamhatarisha. Kwa mujibu wa Shirika la Kazi Duniani, wagonjwa wa maradhi ya joto katika zahanati za wafanyakazi za Hilali Nyekundu ya Qatar walikuwa 1,520 katika kiangazi cha mwaka 2020, wakashuka hadi 620 mwaka 2021, na 351 mwaka 2022. Takwimu hizo ni za zahanati hizo tu. Aliyeugulia chumbani hakuhesabiwa. Hata hivyo, kushuka kwa namna hiyo si jambo la kupuuzwa.

Katika miaka hiyohiyo Doha ilikuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia. Qatar ilikabidhiwa mashindano hayo mwezi Desemba mwaka 2010, yakitarajiwa kuchezwa kiangazi. Ahadi kubwa ilikuwa viwanja vyenye hewa baridi. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Saud Abdul Ghani wa Chuo Kikuu cha Qatar, mhandisi mitambo mzaliwa wa Sudan, ambaye vyombo vya habari vilimpa jina la Daktari Baridi. Ustadi wake ulikuwa katika kutopoteza baridi. Hewa iliyopozwa ilipulizwa chini ya viti na kando ya uwanja, ikabaki karibu na watu kwa sababu hewa baridi ni nzito, kisha ikavutwa tena, ikachujwa na kupozwa upya. Uwanja wa Khalifa ulifunguliwa kwa mfumo huo mwezi Mei mwaka 2017, na viwanja saba kati ya vinane vya mashindano vilikuwa nao. Cha nane, kilichojengwa kwa makontena 974, kilitegemea upepo wa bahari.

Mhandisi huyohuyo alihusika katika kubuni kofia ngumu ya wajenzi yenye feni ndogo inayoendeshwa kwa nishati ya jua, inayopuliza hewa iliyopozwa usoni. Waandaaji walisema yaweza kushusha joto la ngozi kwa hadi nyuzi 10. Ni jambo la heshima kwamba akili iliyofikiria shabiki kitini ilimfikiria pia mwashi juu ya jukwaa la mbao.

Lakini mwaka 2015 ikaamuliwa kwamba mashindano yasogezwe hadi Novemba na Desemba, kwa sababu kiangazi cha Doha kilionekana kuwa kikali kwa wachezaji na watazamaji. Wachezaji wa dakika tisini wakaondolewa kiangazi. Waliokuwa wakijenga viwanja wakabaki nacho kwa miaka yote iliyosalia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kikomo cha sheria ni nyuzi 32.1. Kiwango cha kimataifa kinachojulikana kama ISO 7243 huanza kutaka tahadhari mapema zaidi: kwa mtu aliyekwishazoea joto na anayefanya kazi ya wastani, nyuzi 28, kwa kazi nzito, nyuzi 26. Mashirika ya haki za binadamu yameilaumu sheria ya Qatar kwa sababu hiyo. Kati ya nyuzi 26, ambapo mwili wa mbeba vyuma huanza kulemewa, na nyuzi 32.1, ambapo serikali husimamisha kazi, zipo nyuzi sita. Ndani ya nyuzi hizo sita hakuna polisi wala mkaguzi. Yupo mhandisi.

Ndiye anayepanga ratiba. Anaweza kuamua paa litangulie ili kazi za chini zifanyike kivulini. Anaweza kuamua vyuma vifungwe katika karakana kisha vinyanyuliwe kwa winchi, badala ya kupandishwa mabegani. Anaweza kuweka dakika kumi na tano za mapumziko ndani ya kila saa na kuzihesabu kuwa ni sehemu ya kazi, na kuyaweka maji hatua chache kutoka kwa mtu na si mwisho wa uwanja. Kofia yenye feni ni nzuri, ila mambo haya ya kale, maji, kivuli na kupumzika, ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo hayahitaji hataza.

Mkandarasi atasema muda hautoshi, na siku za kuchelewa zina faini. Ana hoja. Mikataba ya FIDIC, inayotumika sana katika nchi za Ghuba na Afrika Mashariki, humpa mhandisi mamlaka ya kuongeza muda pale hali ya hewa inapokuwa mbaya isivyo kawaida. Lakini joto la Agosti mjini Doha si la isivyo kawaida; huja kila mwaka. Basi haliwezi kuombewa msamaha katikati ya mradi. Lazima liandikwe katika mpango na katika bei tangu siku ya zabuni, na anayeandika mpango huo ni mhandisi, ofisini, penye kiyoyozi, pengine mwezi wa Januari wakati Doha ni mji wa kupendeza kabisa.

Wapo pia wasiofikiwa na mpango huo kirahisi. Mlinzi anayesimama langoni, ambaye mara nyingi ni Mkenya au Mganda, hana zege la kumwaga wala hayumo katika ratiba ya mkandarasi. Ripoti ya Amnesty International ya mwezi Aprili mwaka 2022 kuhusu walinzi nchini Qatar ilieleza saa nyingi za kazi, siku za mapumziko zinazonyimwa, na watu wanaosimamishwa juani bila ya kinga. Kibanda cha mlinzi chenye kivuli na upepo ni mchoro wa nusu siku kwa mhandisi kijana. Kwa kawaida hakichorwi kwa sababu hakuna aliyeagiza kichorwe.

Wasikilizaji wapenzi, mambo haya yamekwishavuka bahari. Katika ripoti yake ya mwezi Julai mwaka 2024, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba asilimia 92.9 ya wafanyakazi wa Afrika hukumbwa na joto lililozidi kiasi, kiwango kikubwa kuliko cha nchi za Kiarabu, ambako ni asilimia 83.6. Wahandisi na mafundi waliojifunza kazi Doha wanarejea Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na miradi mikubwa inawangoja.

Mfano ulio wazi ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Sehemu yake ya mwisho huteremka hadi pwani, kwenye hewa nzito ambayo mtu wa Tanga haihitaji kuelezwa. Katika kazi ya mabomba ya aina hiyo, chuma hupashwa moto kabla ya kuchomelewa, na joto lake hupimwa na kuandikwa, kiungo kwa kiungo, katika karatasi inayowekwa kwa miaka mingi. Karatasi hiyo ina nafasi ya namba ya bomba, namba ya fundi, tarehe na joto la chuma. Kando ya joto la chuma pana nafasi ya kutosha kuongeza safu moja zaidi, ya kile kipimo cha utambi, tufe jeusi na kivuli, saa ile fundi alipoinama juu ya kiungo kile.